Kibuyu Kile Hakikuwa Changu

Wakati wa Mwingereza nilikuwa nashona kwa fundi mmoja Mhindi pale Singida mjini. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, mzee yule alikunja miguu jamvini, akafumba macho na kuvuta pumzi taratibu. Nilimcheka. "Fundi, leo umelala umekaa?" Akanijibu hiyo ndiyo yoga, na kinachofunzwa pale si miguu bali mkono, ujue kufunguka. Vyote tumeazimwa, alisema, na ukikishika kitu mno utaumia wewe.

Mwaka ule surua ikamchukua mtoto wetu wa pekee, binti wa miaka miwili. Nikaanza kuketi na fundi jamvini. Sisemi uongo, ilinisaidia. Baada ya miezi kadhaa niliweza kutazama watoto wa watu bila kugeuza uso. Basi nikajiona nimefika! Nikarudi nyumbani Issuna kifua mbele.

Mke wangu alikuwa na kibuyu kidogo alichomnyweshea mtoto maziwa. Kila siku alikifukiza moshi, akakipangusa, akakitundika kwenye kigingi chake. Kiliniudhi. Nikamhubiria: achilia, mwenzangu, vyote ni vya kuazima. Akaniambia, "Wewe una mjini kwako. Mimi nina hiki." Ukaidi huo, nikasema.

Siku moja alipokwenda kisimani akapita mama mgeni, mtoto mgongoni, anarudi kwao Misigiri. Aliomba maji. Nikampa maji, nikampa na kibuyu. Tena nilijisifu moyoni, mjinga mimi!

Mke wangu aliporudi alitazama kigingi. "Kiko wapi?" Nikamweleza. Alitua mtungi, akaishika barabara mbio. Alirudi jua linazama, mikono mitupu, miguu vumbi hadi magotini.

"Achilia chako, bwana," akasema. "Kile kilikuwa changu."

Niliporudi mjini nikamsimulia fundi, aliweka mkasi chini. "Mimi nilisema fungua mkono wako. Kuufungua wa mkeo ulitumwa na nani?"

Nikaenda Misigiri kukitafuta. Nyumba hadi nyumba, shikamoo kwa kila mzee. Nitampataje, nami hata jina sikumuuliza? Nilirudi nilivyokwenda.

Lakini kuna lililo baya zaidi, na sijawahi kulisema. Gauni la mwisho la mtoto nililishona mwenyewe. Siku ya mazishi nilikata kifungo chake kimoja, nikakishonea kwenye bitana ya koti langu, penye kwapa. Muda wote ninamhubiria mwenzangu habari ya kuachilia, kifungo kilikuwa kwapani pangu. Kila nilipokumbuka nilikipapasa. Naona haya hata kuandika.

Miaka ikapita. Asubuhi moja nilivaa koti lile, nikapapasa kama kawaida yangu. Uzi wangu ulikuwa mweusi, na ulikuwa umeanza kulegea. Nikakuta kifungo kimeshikizwa upya kwa uzi mweupe, kwa mishono mikubwa ya mtu asiye fundi.

Nikatoka nje. Mke wangu alikuwa anapepeta uwele.

"Kumbe umekiona," nikasema.

"Kitambo." Hakuinua macho kwenye ungo. "Kilikuwa kinalegea. Kingekupotea."