Maji ya Ngui Nyuma ya Kliniki

Mume wangu Ngui ni fundi wa stima, na kwa miaka kumi na tisa hakuna nyumba hapa Voi iliyoungua kwa mkono wake. Naanza na hilo kwa sababu yaliyobaki yananitia aibu.

Mwezi wa nne alimaliza kufunga waya katika kliniki mpya ya meno ya Daktari Safaa. Kazi safi, isipokuwa kitu kimoja: ile fimbo ya shaba inayozikwa ardhini ili stima ikivuja kwenye kiti cha mgonjwa, ikimbilie mchangani badala ya kupita mwilini mwa mtu. Sheria inataka ishuke chini kabisa. Ya Ngui ilifika futi tatu ikagonga mwamba. Akaikata kwa msumeno, akafukia. Siku ya ukaguzi akamwaga pale maji ya chumvi, ujanja wa mafundi wetu wa ardhi kavu, maana udongo wenye unyevu na chumvi hupitisha stima upesi, na kipimo cha mkaguzi kikasoma vizuri. Cheti kikatundikwa ukutani.

Alijiambia mvua ikinyesha patakuwa sawa. Mtu mzima, mzaliwa wa hapa, akaitegemea mvua ya Voi!

Mwezi wa saba hakuna tone. Mimi napanga foleni ya maji huku kwetu Sagalla, mitungi minne, na kila asubuhi mmoja unapanda bodaboda na Ngui kwenda mjini. Nikajua tu kuna mwanamke anayefua kwa maji yangu. Siku moja nikamfuata. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya kliniki, anamwagilia vumbi.

"Baba Cynthia, umepanda nini hapo?"

Akanieleza yote huku machozi yanamtoka. "Nikimwambia daktari, leseni imeenda. Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nivumilie mpaka mvua inyeshe."

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika. Kesho yake nikamjazia mtungi, na chumvi nikaikoroga mimi mwenyewe. Niliogopa. Sikuona mlango mwingine.

Kisha bomba la Sagalla likakauka siku nne mfululizo. Hata maji ya ugali hatukuwa nayo. Ngui akawa anaenda kliniki mikono mitupu, anachungulia, anarudi nyumbani bila kula.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, simu ikalia. Ni Cynthia, binti yetu wa kidato cha pili. Jino la nyuma lilikuwa limemvimbisha shavu, mwalimu akampeleka mjini. "Mum, tuko kwa dentist, kwa Daktari Safaa. Zamu yangu imekaribia." Simu ikakatika kabla sijajibu.

Ngui alikuwa amesharudi nyumbani; sijui mwenye bodaboda alitufikishaje. Ngui alipita katikati ya watu waliokaa kwenye benchi, akasukuma mlango. Cynthia alikuwa ameshainua mguu apande kitini.

"Usikiguse hicho kiti!"

Daktari Safaa aligeuka, glavu mkononi. "Fundi, kulikoni?"

"Zima stima, daktari. Zima yote." Akaketi sakafuni, akasema kila kitu mbele ya watu: mwamba, msumeno, chumvi.  Daktari akaenda akazima swichi kubwa, kisha akakiondoa cheti ukutani.

Nilimkumbatia mwanangu, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nyuma yangu mtu akainuka kutoka kwenye benchi. Alikuwa Nyanya Tryphena, jirani yetu wa Sagalla, ameshika shavu kwa leso.

"Ngui," alisema polepole, "mimi nilikaa kiti hicho jana. Ulinikuta hapo mlangoni nikiingia. Ukanisalimia, ukaniuliza jino linaendeleaje."



Nyanya akanigeukia mimi. "Na wewe, Mama Cynthia? Ulijua?"

Mkono wa Cynthia ulikuwa bado ndani ya wangu. Nikasema ndiyo.