Farasi Asiyekwenda Popote

Mtaani walimwita Komeo, na jina hilo hakubambikiziwa, alilitafuta mwenyewe. Geti lake lilikuwa na komeo juu, komeo chini, na mnyororo katikati kwa ajili ya wale wasioelewa makomeo mawili. Ukigonga, unasikia kikohozi, halafu "Nani?", halafu kimya kirefu cha mtu anayepima kama jibu lako linatosha. Mkewe alisema siku mtoa roho atakapokuja atachoka kusubiri, ataishia kwa jirani.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na imani moja tu, kwamba shida hutembea kwa miguu na asiyefungua mlango haimfikii. Imani hiyo aliipata kazini. Alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shule ya kupanda farasi iliyoko mwisho wa barabara, tangu ndevu hazijaota hadi zilipoota mvi. Huko aliwahi kuona farasi mmoja akirudi kutoka mashindanoni na mafua, na kabla ya wiki kwisha banda zima linakohoa. Tangu hapo, farasi mgeni kwake alikuwa sawa na moto.

Alipostaafu hakutaka saa ya ukutani wala hotuba. Aliomba apewe Shangazi. Huyo alikuwa farasi jike wa rangi ya kijivu, mzee kama yeye, aliyewafundisha watoto wengi kuanguka bila kuumia. Watoto ndio waliompa jina, kwa sababu alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama anajua alichofanya na atakwenda kukisema kwa baba yake. Shule iliona afadhali, maana mgongo wake ulikwisha kubonyea na hakuna aliyemhitaji. Komeo akamjengea banda uani, mlango wa vipande viwili, na kila kipande na komeo lake.

"Mwenzangu nimeletewa mke mwenza," mkewe alimwambia seremala wa jirani kupitia juu ya ukuta. "Tena huyu ndiye anayeandaliwa chakula kwanza."

Seremala alicheka. Yeye mwenyewe geti lile alikuwa hajalivuka tangu siku alipokuja kuazima ngazi akaondoka bila kurudishia mlango. Kwa Komeo kosa hilo halikuwa na msamaha.

Kila mwaka kabla ya mvua, daktari wa wanyama alikuja shuleni kuwachanja farasi dhidi ya homa ya ubongo, ile inayoletwa na mbu. Akimaliza, alipita kumsalimia Komeo. Mwaka ule alimuuliza kama amchanje na Shangazi, kwa kuwa chanjo yake ya mwisho ilikuwa imekwisha nguvu.

"Huyu? Ya nini, daktari?" Komeo alisema. "Hao wako wanatembea, wanakutana na wenzao. Huyu haendi popote. Mgeni hapokei. Nani atamwambukiza, mimi?"

"Mbu haulizi nani katoka na nani kabaki, mzee."

"Sindano iliyopita ilimvimbisha shingo. Mwache apumzike."

Daktari alikuwa na kazi nyingine zinazomsubiri, hakubishana. Ni mama mmoja mpole, mwenye sauti ndogo, na watu wa sauti ndogo hushindwa kwa urahisi na watu wa aina ya Komeo.

Mvua zikaja. Nyuma ya banda kulikuwa na hodhi la kuogea, la watu wazima, ambalo Komeo alilibeba kutoka kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa. Liliwekwa chini ya mchirizi wa paa, likajaa, likabaki limejaa. Shangazi alikunywa maji ya bomba. Haya ya hodhini yalikuwa ya siku bomba litakapokauka. Mkewe akiyaomba amwagilie mboga, aliambiwa akiba haiozi. Na kwa kuwa paka wa seremala alikuwa akija kunywa humo, Komeo alilifunika hodhi kwa wavu wa banda la kuku na kuubana kwa matofali. Mtu huyo hata maji aliyafungia.

Asubuhi moja alimkuta Shangazi ameegemea ukuta. Mdomo wa juu ulikuwa ukichezacheza, kama anatafuna kitu ambacho hakipo. Alipomwita aligeuka, lakini mguu wa nyuma haukumfuata.

Komeo alifanya analolijua. Alifunga. Alimzuia mkewe kwenda sokoni, akamfukuza paka, na seremala alipouliza kulikoni akajibiwa kwamba hakuna kitu. Tuseme ukweli, mzee aliogopa. Alishika simu ampigie daktari, akairudisha mezani, ikabidi mkewe ampigie.

Daktari alimpima Shangazi, akamtoa damu, akasema anaishuku ile homa ya mbu.

"Nani kaileta?" Komeo aliuliza. "Ni yule punda wa muuza mkaa. Juzi kapita hapo nje, nilimsikia."

"Mwache punda wa watu. Ugonjwa huu makao yake ni ndege. Mbu anamuuma ndege, halafu anakuja kumuuma farasi. Na kwa farasi safari inaishia hapo; hamwambukizi mtu, hamwambukizi farasi mwenzake. Dawa ya kuua kirusi hicho hatuna. Nitashusha homa na uvimbe, nitamwongezea maji, basi. Ila akilala chini asiinuke tutampoteza. Kwa hiyo fungua geti, mzee. Hapa panatakiwa watu." Alitazama huku na huku. "Maji yenu mnayaweka wapi?"

Komeo alimpeleka nyuma ya banda kwa kujiamini kabisa. Aliondoa matofali, akafunua wavu. Maji yalikuwa yanatikisika yenyewe. Yalijaa viluwiluwi vya mbu, vinapanda na kushuka.

"Akiba yako hiyo, baba watoto," mkewe alisema. "Kuoza haijaoza. Inaogelea."

Alipokwisha kusema, mke wa watu akatamani angenyamaza. Daktari alipitisha kidole kwenye tundu la wavu, kikazama chote.

"Wavu huu unamzuia nani?"

"Paka," Komeo alisema.

Alisubiri daktari aitaje chanjo. Daktari hakuitaja, wala siku ile wala baadaye, na Komeo angeona nafuu kama angemgombeza.

Mchana Shangazi alilala chini, akashindwa kuinuka. Komeo alifungua makomeo yote na mnyororo, akatoka, akasimama mbele ya karakana ya seremala akiwa amesahau kuvaa viatu.

"Jirani," alisema.

"Nani kafa?"

"Bado. Lakini Shangazi hainuki."

Seremala hakuuliza zaidi. Alikuja na boriti, misumari, mikanda ya kufungia mizigo ya lori, na wanaume aliowakusanya njiani. Walisimamisha fremu ndani ya banda, wakapitisha mikanda chini ya tumbo, wakavuta. Shangazi akasimama, nusu kwa miguu yake na nusu kwa mikanda, akawatazama wote kwa lile jicho lake la kusema kwa baba.

Basi geti likawa wazi, maana kila saa kuna anayeingia kupokea zamu. Mwingine alishika kichwa, mwingine alimsugua miguu. Hodhi lilimwagwa na kupinduliwa, feni ikafungwa bandani, madirisha yakawekwa wavu wenye matundu madogo, kwani daktari alisema mbu hao hao huwauma na watu. Seremala alifanya kazi na kutania. "Ua wenyewe ndio huu? Nilidhani umeficha dhahabu." Komeo alitabasamu, jambo ambalo mkewe alilisimulia mtaani kama habari.

Kwa muda ilionekana kama atapona. Akawa anakula majani mkononi. Halafu homa ikarudi, shingo ikalegea, na asubuhi moja akafa akiwa amesimama kwenye mikanda, seremala amemshikilia kichwa. Komeo alilia kwa sauti, mbele za watu, bila kujifunika uso.

Mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza kukusanyika, shule ilimwomba aje kuwashika farasi siku ya chanjo, kwa sababu wale wakorofi walitulia mkononi mwake. Aliondoka nyumbani na geti akaliegesha tu. Aliwashika mmoja mmoja, daktari akachoma. Mwishowe saisi mkuu wa sasa akaanza kukusanya hatamu.

"Na yule wa nyuma?" Komeo aliuliza. Nyuma, katika banda la peke yake, alikuwepo farasi dume mzee, kipofu wa jicho moja.

"Aa, yule mwache tu, mzee," saisi alisema. "Yule siku hizi haendi popote."

Daktari aliinama, akajifanya anatafuta kitu ndani ya sanduku lake. Komeo alisimama kidogo, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka chumba cha pili. Kisha akachukua hatamu mkononi mwa saisi, akaenda nyuma, akafungua komeo.