Acha Maji Yalale

Albertine alikuwa na siku nne za kuitoa bunduki ya mumewe majini kabla ya ukaguzi wa Jumamosi, na kila siku ilikuwa na saa moja tu iliyomfaa. Saa zilizobaki zote zilikuwa za watu. Wiki ile ungemuuliza anachukia nini duniani, asingekutajia nyoka wala njaa. Angekutajia vakansi.

Mumewe, Kaporali Likoke, alikuwa ametumwa siku ya Jumatatu kulinda wageni kisiwani, kwenye bwawa la zamani nje ya mji wa Kamina. Kisiwa chenyewe hakina makuu: michikichi kumi na kitu, jiwe kubwa bapa la kuotea jua, na daraja la magogo la kukifikia. Lakini mwezi wa saba vakansi ikianza na shule kufungwa, Kamina nzima hujifanya iko pwani. Likoke akaona ulinzi unamchosha. Akaenda nyuma ya jiwe kuvua samaki, bunduki akaiegemeza kando yake. Ndoano iliponasa alivuta kwa pupa, akateleza, kiwiko kikaigonga bunduki, nayo ikazama. Hakuna aliyemwona. Alirudi nyumbani na samaki mmoja.

"Samedi iko ukaguzi," alimwambia mkewe baada ya kufunga mlango. "Muntu asiyeonyesha bunduki anafungwa mu buloko, na bibi yake na batoto banatoka mu nyumba ya kambi. Minyi sijui kuogelea. Weye njo muntu wa mto."

Hapo hakukosea. Albertine alizaliwa Isangi, kwa Walokele, ambako mama yake alikuwa akipiga mbizi kunasua mitego ya samaki iliyokwama kwenye magogo. Binti alijifunza kazi hiyo kabla hajajua kusonga ugali. Kisha akaolewa na askari, na askari akahamishwa, naye akamfuata hadi huku Kamina, mbali na kila mto aliowahi kuupenda. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akikaanga mikate na kuwauzia watu wa kambi, bila kuzamisha hata kichwa. Lakini mafundisho ya mama yake hakuyasahau: kwanza acha maji yalale. Chini ya bwawa lile pana udongo laini kama unga. Mguu mmoja tu ukiukanyaga, maji yanakuwa uji, na huchukua usiku kucha kutulia. Kwa hiyo anayeona chini ni yule anayeingia wa kwanza alfajiri. Akishatangulia mwogaji mwingine, siku imekwisha.

Upande wa pili wa bwawa ni matope na matete, hapapitiki. Njia ilikuwa moja tu, kupitia jiwe bapa. Na juu ya jiwe hilo, wiki ile ile, Wamethodisti wa mjini walikuwa wameleta kambi ya vijana, mahema na masufuria na ngoma za kwaya, chini ya Mwalimu Timothée. Kama si mkosi ni nini?

Jumanne Albertine alifika jua likichomoza. Vijana sitini walikuwa tayari ndani ya maji wakifanya mazoezi ya viungo na kuhesabu kwa Kifaransa. Alisimama akiutazama uji ule mwekundu, machozi yakimlenga, akarudi zake kukaanga mikate.

Jumatano aliamka mapema zaidi. Baridi ya kipwa, majira ya kiangazi, ilikuwa ikiuma mifupa na ukungu umekaa juu ya maji, lakini maji yalikuwa yamelala. Alipiga mbizi mara ya kwanza, akaona mizizi. Mara ya pili akaona shimo chini ya jiwe, lenye kina kirefu kuliko alivyodhani. Mara ya tatu aliibuka kuvuta pumzi, na mbele yake alikuwa amesimama binti mmoja wa kambi, Béthanie, aliyekuja kuosha sahani. Binti aliona kichwa cha mwanamke na nywele ndefu za kusuka vikitoka kwenye ukungu. Sahani zikamwanguka, akakimbia. Albertine akajificha kwenye nyasi, kisha akapita daraja akikimbia, akamshukuru Mungu kwamba hakutambuliwa.

Angalitambuliwa ingalikuwa afadhali. Kabla ya saa sita mchana mji mzima ulikuwa unajua kwamba bwawani kuna mamba-muntu, yule mwanamke wa majini anayempa mtu utajiri na kumdai roho ya mwanawe. Watu wa Kamina ukiwaambia kuna kazi, hutawaona. Waambie kuna kitu cha kutazama, watakuja na vigoda. Walikuja kwa baiskeli na pikipiki, wakaja na simu za kupigia picha, na nyuma yao wauza karanga. Walilala pale pale. Alhamisi alfajiri Albertine alilikuta daraja limejaa, hapana hata pa kuweka mguu. Mchana jirani yake, Mama Émerence, akaja kumchukua kwa nguvu waende kuona, maana mtu mzima hawezi kubaki peke yake kambini bila kuona. Ikabidi aende. Alisimama katikati ya umati akisikiliza watu wakimweleza jinsi yeye mwenyewe alivyo: mweupe kiunoni, ana mkia wa samaki, anachana nywele kwa kitana cha dhahabu. Alitamani kulia kwa sauti, na hakuthubutu.

Jioni Likoke hakula. Alisema atatoroka, ataenda Mulongo kwenye visiwa vya mafunjo vya wavuvi, ambako mtu anaweza kuzeeka bila kutafutwa. Albertine alimkumbusha kwamba askari akitoroka mke ndiye anayehojiwa, na kwamba wana watoto watatu, na Mputu, kitinda mimba, hajatimiza hata miaka minne. Alimwomba aende kwa komanda aseme ukweli. Likoke alikataa. Maji yalikuwa yamezidi unga, na kila mmoja alilala ameelekea ukuta wake.

Ijumaa Albertine alikwenda bila matumaini, kwa sababu kubaki nyumbani kulimuuma zaidi. Umati ulikuwa umeongezeka mara mbili. Lakini alipojipenyeza darajani hadi ukingoni aligundua jambo. Watu wote walikuwa juu ya jiwe, kwenye nyasi, wengine juu ya michikichi, na hakuna aliyethubutu kuchovya kidole. Mwalimu Timothée alikuwa amekataza, na hofu ilikataza kuliko yeye. Tangu Jumatano mchana hakuna mguu ulioingia. Maji yalikuwa yamelala siku mbili, yakawa safi hivi kwamba mtu aliweza kuona kokoto za chini. Umati aliokuwa akiukimbia ulikuwa umemlindia maji.

Ila angeingia mbele ya macho yote. Mficha uchi hazai, akajisemea. Alikaza kitenge juu ya kaptula yake kuukuu, akawapita watu wakiwa bado wanamshangaa, akaingia.

Mayowe aliyasikia kwa sekunde moja, kisha kukawa kimya. Alishuka moja kwa moja mpaka shimoni, na pale bunduki ilikuwa imelala ubavu, mkanda umenasa kwenye mzizi. Alipanda, akavuta pumzi, akashuka tena. Aliunasua mkanda kwa meno na vidole, akafungua kitenge, akaifunga bunduki humo, akazungusha na kukaza mafundo mpaka kifua kikamwaka moto. Juu yake kwaya ilikuwa imeanza kuimba kufukuza mapepo. Baadaye watu waliapa kwamba ziliimbwa beti tatu kabla hajaibuka.

Aliibuka amekumbatia furushi lake, akapanda juu ya jiwe. Umati ulirudi nyuma, wengine wakianguka. Mwalimu Timothée alikuja mbele, Biblia kifuani, sauti ikimkatika.

"Weye uko nani? Sema jina yako."

Jina lilikuwa ulimini. Akisema yeye ni Albertine, mke wa Likoke, wataomba waone furushi, na habari ya bunduki itamfikia komanda kabla ya ukaguzi. Akinyamaza, watamwogopa, na watu hawafungui furushi la wanayemwogopa. Alinyamaza. Alimtazama mwalimu usoni mpaka mwalimu akainamisha macho, kisha akatembea, na njia ikafunguka mbele yake hadi darajani. Hapo alimwona Mama Émerence, ameziba mdomo kwa mkono, anamtambua.

Likoke alishinda Ijumaa nzima akiifuta bunduki na kuitia mafuta. Jumamosi ukaguzi ulipita, komanda hata hakuuliza. Asubuhi hiyo hiyo Albertine alikaanga mikate, na mikate ikabaki yote kwenye beseni. Watoto wa majirani waliitwa ndani alipopita. Alijiambia si kitu, mradi mume hakufungwa na nyumba ipo. Akapika bukari, ugali wa huko, na samaki, akangoja.

Likoke aliingia, akaweka bunduki kwenye kona, wala hakukaa mezani. Alikuwa amepitia kwa Émerence, ilionekana usoni.

"Albertine," alisema, na tangu wapate watoto hakuwahi kumwita kwa jina. "Ile ya mu maji ilikupatia bunduki. Weye uliipatia nini?"

"Hakuna kintu. Ni minyi niliivua. Weye njo ulinituma."

"Beti tatu," alisema Likoke. "Muntu hawezi."

Albertine alisogea amshike mkono, naye akaurudisha mkono nyuma. Likoke aliwahesabu watoto kwa macho, mmoja mmoja, wote watatu, kisha akambeba Mputu akatoka naye nje.