Breki za Mguu wa Mwalimu

Kwa miaka mingi alifundisha watu udereva, na wanafunzi wake wakambandika jina la Mwalimu Breki, kwa sababu ukikurupuka barabarani alikufokea mpaka majirani wakachungulia madirishani. Alipostaafu, badala ya kujenga vyumba vya kupangisha kama alivyoshauriwa na wenye akili zao, alinunua gari la spoti. Tena la zamani, la viti viwili, la chini mno, kuingia humo ni kama kuketi kwenye ndoo. Watu wakasema mama wa watu kachanganyikiwa. Waseme! Walikuwa wakisema huku wamelikodolea macho.

Kisha kiharusi kikampitia. Mdomo kilimwachia wote, mguu wa kulia kikamwachia nusu. Mazoezi yaliurudisha mguu, ila nguvu hazikurudi zote. Daktari alimpima, akasema aendeshe tu, mradi gari lenyewe liweze kusimama kwa mguu alio nao. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Gari lile halina kifaa cha kumsaidia mtu kukanyaga breki kama magari ya siku hizi. Nguvu ni zako mwenyewe. Isitoshe, breki za mbele zilikuwa zimekwisha hadi kwenye chuma.

Mwanawe wa kwanza alifanya kazi ya bima, na kazi hiyo ilimfanya aone ajali hata kwenye kikombe cha chai. Akachukua funguo, akatia mfukoni.

"Mama, nimepata mnunuzi wa gari. Anakuja Jumamosi."

"Mwambie atununue sote wawili, mimi na gari!"

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe wakaafikiana: Mwalimu atie breki mpya, aendeshe huku mwanawe ameketi pembeni. Gari lisiposimama, linauzwa, na yeye hagusi usukani tena. Alikubali kwa hasira, ila moyoni aliogopa sana. Kubebwa na watu kila aendako, akisubiri mwenye nafasi amkumbuke? Afadhali angenyang'anywa nyumba.

Fundi wake wa siku zote akaja na kalipa kubwa za gari jipya la aina ileile. Kalipa ndiyo yale makucha ya chuma yanayoibana diski ili gurudumu lisimame.

"Zinaingia, Mwalimu. Bolti zinakaa bila shida."

Zikaingia kweli. Gurudumu liliporudishwa, rimu ikakwaruza kalipa, krrr! Fundi akasema hilo dogo, atatafuta rimu pana. Mwalimu akaketi ndani, akakanyaga. Pedali ikazama, ikazama, mguu ukaishiwa nguvu pedali bado inakwenda. Wakatoa hewa kwenye mirija, pedali ikazama vilevile. Pampu ya breki ilikuwa ileile ndogo ya zamani, na kalipa hizo zilitaka mafuta mengi kuliko ilivyoweza kusukuma kwa mkanyago mmoja.

"Basi tubadilishe na pampu, tuweke kubwa," fundi akasema.

"Pampu kubwa inataka mguu wa kuikanyaga. Wewe bwana, unatengeneza gari la nani? Ng'oa hayo madude, rudisha kalipa zangu, uzisafishe na kuzitia mipira mipya. Pedi za kuuma diski nitachagua mwenyewe."

Akashika fimbo yake, akajikokota hadi duka la spea. Muuzaji, jamaa mwenye maneno mengi, akauliza aina ya gari na mwaka wake, kisha akaweka mezani pedi nyekundu.

"Hizi ni za mashindano, mama. Zikishapata moto, hazina mpinzani."

"Mpaka zipate moto mimi nitakuwa nimeshaingia sebuleni kwa watu. Nyingine!"

"Basi chukua hizi ngumu. Ukizifunga, unasahau kama una breki."

"Nisahau breki? Una wazimu? Nikikanyaga kidogo zinashika?"

"Hapana, hizi zinataka mtu akanyage hasa."

"Laini je?"

Jamaa akakunja uso. "Zipo, na kwenye kalipa zako za zamani zinakaa sawasawa. Ila zinakwisha upesi, mama, na vumbi lake litakuchafulia rimu. Utanunua kitu cha kuisha?"

"Ziishe! Zinaisha zikiwa zimefanya kazi. Lete za kulia na za kushoto."

Jumamosi asubuhi fundi alilizungusha gari mpaka pedi na diski zikazoeana, kisha mama na mwana wakalipeleka kwenye mteremko mtupu nyuma ya uwanja wa shule ya udereva. Mwalimu alikuwa na mtindo wake wa kuwapima wanafunzi: anapiga dashibodi kofi bila kuonya, na mwanafunzi lazima asimame papo hapo. Hata mwanawe alifundishwa hivyo.

"Leo piga wewe," akamwambia. "Na usinionee huruma."

Gari likateremka, likashika kasi. Mwana akamwacha mama aanze kumsimulia habari za jirani, kisha akapiga, pa! Mwalimu akakanyaga kwa nguvu zote za ule mguu wa nusu. Pedi zikauma. Gari likasimama tuli, miwani ya mwana ikaruka hadi sakafuni.

Mwana akatazama chini. "Mama, mguu wako unatetemeka."

"Unatetemeka, ndiyo. Gari limesimama, halikusimama?"

"Limesimama."

"Piga tena."

Akapiga tena, na tena, mpaka mkono ukamuuma na akaomba waache. Akatoa simu, akamwambia mnunuzi asije.

Wakati wa kurudi, Mwalimu alisimamisha gari mbele ya duka la spea, akashusha kioo.

"Niwekee seti nyingine ya zile laini!"

"Mama, si umenunua juzi tu?" muuzaji akashangaa.

"Hizi nitazimaliza," Mwalimu akajibu, "na hizo utakazoniwekea nitazimaliza vilevile."