Mawese kwenye Mti wa Bunduki

Mimi bunduki sizipendi, na sifichi. Ndizo zilizotutoa Uvira, tukaishia kambini Kigoma, kisha huku ng'ambo, Doonside. Kwa hiyo mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Quakers Hill aliponiambia anatengeneza bunduki, nilimjibu papo hapo: "Babu, hicho kitu usinioneshe!"

Akacheka. Ilikuwa bunduki kuukuu ya kuwindia, ya kuvuta komeo kwa mkono. Chuma chake alikifungia kwenye sefu. Alichokuwa akikichonga miaka yote ni mti wake, ile sehemu ya kuegemeza begani, kutoka gogo la mjozi. Alimchongea binti yake, mkulima wa mbali huko bara, anayewinda nguruwe pori wanaomfukulia shamba. Lakini mikono ilishaanza kumtetemeka, na Jumatatu alikuwa anahamia kituo cha wazee. Binti angekuja Jumapili. "Sitaki kumpa kazi nusu," akasema, machozi yakimlengalenga. Jamani, nikamwonea huruma.

Kulibaki kupaka mafuta na kusugua kwa kiganja. Akanipa mti na kopo dogo la mafuta ya kitani nikasugulie kwangu. Nikajiambia, mti mtupu haumuui mtu. Nilipofika nyumbani nikayanusa yale mafuta. Lo! Yananuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Mimi, binti wa fundi wa mipini ya majembe, nifundishwe mafuta? Baba yangu alipaka mawese, na mipini yake ilidumu. Nikachukua chupa ya mawese jikoni, nikasugua siku mbili mpaka mti ukang'aa mwekundu. Mume wangu akapita akasema, "Mama watoto, umebakiza kutia majani ya sombe tu, uinjike." Nikamfukuza.

Alhamisi nikampelekea mzee kwa madaha. Akaushika, kiganja kikanata. Akanusa.

"Hiki ni nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya... kupikia."

Kumbe mawese hayakauki. Mpini wa jembe hufutwa na mikono ya mkulima kila siku. Bunduki hukaa kabatini ikinasa vumbi. Kiburi changu kilikuwa kimemlia siku zake za mwisho za kazi. Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi.

"Acha kulia," akasema. "Lete tapentaini."

Yeye akaelekeza, mimi nikafuta mawese yote, kisha nikapaka yale ya kitani, membamba kabisa. Joto la Januari likatusaidia. Jumapili sikwenda kanisani, mchungaji atanisamehe. Mti ulikuwa mkavu, na wekundu kidogo umebaki ndani ya mishipa yake.

Binti akafika, akafungua sefu, akakilaza chuma ndani ya mti. Kikakaa sawasawa. Zikabaki skrubu mbili. Mzee akamnyooshea bisibisi. "Kaza wewe, mimi siwezi."

Binti hakuipokea. Akavuta kiti, akakaa.

Mzee akaanza. Bisibisi ikateleza, ikateleza tena. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Binti akanishika taratibu, akanirudisha. Chai ikapoa. Skrubu ya kwanza ikaingia. Ya pili ikamsumbua zaidi. Akatukana, akapumua, akarudia, mpaka ikagoma kuzunguka tena. Akaweka bisibisi chini, akamkabidhi binti bunduki kwa mikono yote miwili.

"Imeisha," akasema.