Ndege wa Msitu wa Juu ya Lumuma

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ni uvundo wa mabaki ya mkonge kule Rudewa, ambao mama alisema unaingia hata kwenye ugali. Baba alikuwa mkata mkonge, na jioni alipiga mluzi tangu mbali ili mama ateleke maji ya kuoga. Niliukumbuka mluzi ule juzi, mjukuu wangu aliponionyesha kwenye simu ndege wadogo wa msituni, wenye haya, wanaopatikana kisiwa kimoja tu.

"Babu, huku kwetu hawapo."

"Wenye haya wapo," nikamwambia.

Kazi ya mkonge ilipokwisha tulihamia Lumuma kwa bibi. Alasiri moja baba akanipeleka msitu wa juu ya nyumba, kunakonuka majani yaliyooza na ukungu. Ndege akaimba kichakani.

"Yuko wapi, baba?"

"We tulia. Kaa hapo, usigeuke hata kidogo. Ukigeuka tu, anaruka."

Baba akamwiga kwa mluzi, ndege akajibu. Shingo iliniuma, lakini sikugeuka. Mluzi ukasikika nyuma yangu, kisha chini bondeni, kisha mbali zaidi. Nikafurahi, nikidhani ndege sasa wako wawili.

Mara ndege akatoka, kadogo kama ndimu, kifua rangi ya kutu. Nikanong'ona, "Baba, nimemwona!"

Sasa najua ule wa bondeni ulikuwa mluzi wa nani. Alikuwa anakwenda zake, wala hakurudi tena.