Mashavu Alivyomwacha Mumewe Ofisini

Nilimwona Mashavu kwa mara ya kwanza siku mumewe alipopigwa na chuma. Azimio lilikuwa limekwisha kutangazwa, shamba letu la mkonge pale Korogwe limekuwa mali ya umma, na sisi vibarua tumekuwa ndugu. Mashine ya kushindilia marobota ilifyatua chuma, kikampata Mhina kisogoni. Mnyapara akaamuru alazwe kivulini, afunikwe gunia, kazi iendelee mpaka gari lipatikane. Mimi nilikuwa nampepea. Mara akaingia mwanamke mrefu, kanga kaikaza kiunoni, hakumsalimu mtu.

“Mmemfunika gunia,” alisema. “Kwani ni mahindi?”

Mnyapara akamwambia atulie, gari linakuja.

“Linatoka wapi, Ulaya? Mkonge ukiwa tayari, gari huwa lipo.”

Gari likapatikana. Kwa kuwa nilimpepea mumewe, tangu siku ile akaniita shemeji.

Mhina alirudi kutoka hospitali amenenepa, na kovu lake dogo lilifichwa na nywele. Lakini hakuwa tena mtu wa kuachwa peke yake. Ukimtuma maji, atakaa huko huko mtoni. Atabandika sufuria tupu motoni na kuondoka. Neno ulilomwambia sasa hivi lilimtoka kabla hujamaliza kukohoa. Kitu kimoja tu kilibaki kizima, nacho ni salamu. Alikuwa Mzigua aliyelelewa na bibi yake kijijini Kwedizinga, na salamu zake hazikukaa kichwani. Zilikaa mdomoni, pamoja na meno.

Meneja, naye ndugu yetu, aliwataka wahame nyumba ya kambi, maana nyumba ni ya mfanyakazi. Mashavu alikuwa akienda kulima kibarua huku amemfungia mumewe ndani. Alitaka fidia ya serikali kwa aliyeumia kazini, ili wakajenge Kwedizinga na aweze kushinda naye nyumbani. Hakutaka kingine.

Nilikwenda nao mjini kama shahidi, ingawa mbele ya meza ya ofisi sauti yangu huwa haitoki. Kwenye ofisi ya fidia tulipokewa na kijana mmoja, Ndugu Dunstan, shati limepigwa pasi mpaka lasimama lenyewe.

“Shikamoo, mzee,” alimwamkia Mhina.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Kwenu wapi?”

“Bungu.”

“Ala! Bungu kwenye baridi. Baba yako hajambo?”

“Baba alifariki mwaka jana, mzee.”

Mhina akashika kifua. “Pole sana, mwanangu. Mungu amweke mahali pema. Sasa baba wa nyumba ndiye wewe.”

Dunstan aliguswa, akatoa leso. Alipoirudisha mfukoni, akafungua kitabu cha sheria. Kidole kilichokatika kina fungu lake, jicho lina fungu lake, mguu una lake. Akamkagua Mhina juu mpaka chini, kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Viungo vyote vilikuwapo.

“Mama, mzee huyu ana akili kuliko wengi wa humu ndani.”

“Hilo sikatai,” alisema Mashavu. “Lakini wa humu ndani wanalipwa.”

“Serikali haiwezi kunyonywa na watu wazima. Huyu anajitegemea. Hahitaji mtu wa kumwangalia.”

“Hahitaji?”

“Hahitaji kabisa.”

“Vizuri. Basi nakwenda sokoni. Shemeji, wewe kaa hapo barazani, usimsaidie mtu. Serikali inajitegemea.”

Akaenda kweli.

Mhina alitazama ukuta kwa muda. Kisha akageuka, akamwona Dunstan, uso ukamchanua.

“Hujambo, mwanangu? Kwenu wapi?”

Dunstan akacheka. “Bungu, mzee. Si nimekwambia?”

“Ala! Bungu kwenye baridi. Baba yako hajambo?”

Kicheko kikakatika. “Alifariki.”

“Alifariki! Lini, mwanangu?” Machozi yakamlenga Mhina, maana kwake msiba ule ulikuwa umetokea wakati huo huo.

Baadaye kidogo akauliza tena. Dunstan akajaribu kunyamaza. Mhina akamwuliza kwa nini amenuna, au kuna mgonjwa nyumbani? Akajaribu kusema baba hajambo. Mhina akafurahi sana, akamwambia amsalimie, tena Jumapili apande mlimani akamwone, mzazi si mtu wa kuachwa peke yake. Kijana yule akainamisha paji la uso juu ya kitabu chake cha sheria.

“Mtoe nje huyo mzee,” alisema karani mwenzake.

“Mtoe wewe! Mimi siwezi.”

Hakuna aliyehitajika kumtoa. Mhina aliinuka, akashuka ngazi, akaelekea kwenye reli. Nilikuwa ndiyo kwanza nainuka, Dunstan akanipita mbio, akamrudisha kwa kumshika mkono. Njia nzima Mhina alikuwa akimwuliza kwao ni wapi.

Mashavu alirudi na mkungu wa ndizi kichwani.

“Mume wangu bado mzima?” alimwuliza Dunstan.

Dunstan alikuwa anaandika kwamba Mhina atahitaji mwangalizi maisha yake yote, na macho yake yalikuwa mekundu.

Fidia ilikubaliwa baada ya masika. Dunstan alikuja mwenyewe kambini kuitangaza, akahutubia jinsi serikali inavyowajali wanyonge, hata wale ambao ugonjwa wao hauonekani kwa macho. Yeye sasa ndiye aliyeugundua. Tukapiga makofi, kwa kuwa tulizoea kupiga makofi. Mashavu alikuwa ndani, anafunga vyombo.

Siku ya kuhama nilisaidia kupakia kitanda kwenye lori la Handeni. Mhina alikuwa ameketi juu ya mizigo, anasalimiana na utingo. Nilijikaza nikasema, “Hongera, shemeji. Umeshinda.”

“Nimeshinda nini? Wamelipia chuma chao. Mume wangu sikuwaomba wanirudishie, shemeji. Wangenituma kwa balozi wa nyumba kumi, nikalete barua ya kumtambulisha.”